Barua imeandikwa "osteoplasti": je, mume wangu atawekewa plastiki mguuni?

*"Habari ya kazi, daktari. Naishi Ahero. Mume wangu ana miaka 34, ni mtu wa boda boda. Mwaka jana aligongwa na gari akitoka Awasi, muundi wa mguu wa kushoto ukavunjika na mfupa ukatokeza nje. Alifungwa vyuma vya nje. Baadaye jeraha likaingia usaha, akarudishwa chumba cha upasuaji wakatoa kipande cha mfupa uliokufa. Sasa jeraha limefunga, lakini eksrei inaonyesha pengo, daktari alisema ni kama sentimita 4. Tumepewa barua ya rufaa ya Kisumu, na imeandikwa atafanyiwa osteoplasti. Shemeji anasema hiyo ni plastiki, na plastiki huharibu damu. Jirani anasema ni upasuaji wa urembo, kwa hivyo SHA, bima ya afya ya serikali, haitalipa. Mama mkwe anataka tumpeleke kwa mzee anayeunga mifupa. Naomba unieleze hilo neno maana yake nini hasa. Mfupa wa kujaza hapo utatoka wapi, ni wa maiti? Na je, ataweza kurudi kwenye pikipiki?"*

Salama, dada, na poleni kwa mwaka mliopitia. Naona neno moja kwenye karatasi limewanyima usingizi kuliko hata hilo pengo, basi tuanze nalo.

Osteoplasti ni neno la Kigiriki lililounganishwa vipande viwili. "Osteon" ni mfupa. "Plassein" ni kufinyanga. Ukipanda gari kutoka Kisumu kwenda Kakamega, pale Ilesi utaona vyungu vimepangwa kando ya barabara. Kazi ya yule mama anayekanda udongo, akaupandisha kwa vidole mpaka ukawa na tumbo na shingo, ndiyo plassein. Kwa hivyo osteoplasti ni kufinyanga mfupa: kuupa tena umbo lake, au kuujenga mahali ulipopungua.

Plastiki ya ndoo na jerikeni ilichukua jina hapohapo, kwa sababu nayo hufinyangwa. Lakini ilikuja nyuma sana. Mwaka 1818 daktari mmoja wa Berlin, Carl Ferdinand von Graefe, alichapisha kitabu kuhusu kujenga upya pua iliyopotea, akakiita *Rhinoplastik*. Bakelite, plastiki ya kwanza kutengenezwa kiwandani kwa kemikali tupu, ilitokea mwaka 1907. Madaktari walikuwa wakiandika "plasti" kwenye karatasi zao karibu miaka 90 kabla hiyo plastiki haijazaliwa. Mwambie shemeji kwamba hayo maneno mawili ni ya ukoo mmoja, ila hayali sahani moja.

Jirani naye amedanganywa na mkia uleule. Ni kweli upasuaji wa kurekebisha sura unaitwa kwa jina la namna hiyo, lakini upasuaji wa mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka pia unaitwa hivyo, na wa mtu aliyeungua moto mkono ukajikunja. "Plasti" haisemi kama kazi ni ya urembo au ya lazima. Inasema tu kwamba kuna kitu kitaumbwa upya.

Shida ya kweli ya neno hili ni nyingine, na hapo nalaumu sisi madaktari: ni pana mno. Daktari wa meno akiandika osteoplasti, mara nyingi ana maana ya kulainisha kingo za mfupa wa taya kuzunguka meno. Daktari wa nyonga ana maana ya kuchonga kichuguu kwenye shingo ya mfupa wa paja, kile kinachogonga kikombe cha nyonga kila mtu anapochuchumaa. Wapo wanaolitumia kwa kudunga saruji maalumu ndani ya pingili ya uti wa mgongo iliyobonyea. Waliosomea Urusi au Ujerumani hulitumia zaidi kwa upandikizaji wa mfupa, na nadhani aliyewaandikia barua alikuwa na maana hiyo. Kuna hata namna ya kukata mguu inayobeba jina hili: mwaka 1854 Mrusi Nikolai Pirogov alieleza jinsi ya kukata kwenye kifundo kisha kuunganisha kipande cha mfupa wa kisigino na ncha ya muundi, ili mtu apate mahali pagumu pa kukanyagia. Ile nayo ni osteoplasti.

Usilichanganye na majirani zake, maana kwenye faili mtakutana nayo. Osteotomi ni kukata mfupa kwa makusudi, mara nyingi ili kuunyoosha, kama kwa mtoto mwenye matege. Osteosinthesisi ni kushikanisha vipande kwa bamba, skrubu au chuma cha ndani. Arthroplasti ni ya kiungo, kama vile goti au nyonga, na mara nyingi ina maana ya kuweka kiungo bandia. Mumeo anaweza kufanyiwa osteoplasti ambayo ndani yake kuna osteotomi na osteosinthesisi pia. Kwa hivyo barua yenu imesema lengo tu, yaani kujenga mfupa uliopungua, haikusema kwa njia gani. Hilo ndilo swali la kwenda nalo Kisumu.

Sasa kwa nini pengo lisijae lenyewe? Mfupa ni kitu hai, una damu na una wafanyakazi. Kuna seli zinazokula mfupa wa zamani na seli zinazojenga mpya nyuma yake, usiku na mchana, hata kwako wewe uliyekaa unasoma. Mfupa ukivunjika, damu huganda pale katikati, halafu linaota gundi laini, gundi inageuka kuwa mfupa mbichi, na mfupa mbichi unachongwa taratibu mpaka ukomae. Lakini kazi hiyo ina masharti. Ncha mbili ziwe karibu, zitulie, zipate damu, na pasiwe na usaha. Mumeo alipata ajali ambayo ilichana ile ngozi nyembamba inayovika mfupa na kuulisha, kisha wadudu wakaingia, kisha kipande kikatolewa. Ncha zimekaa sentimita 4 mbali, na mwili ukiona umbali huo hujaza makovu tu, kama shimo la barabarani linavyojaa maji ya mvua. Ukimsubiria miaka kumi, ni hivyohivyo.

Njia ya kwanza ni kupandikiza mfupa, na hapa nijibu lile la maiti. Kuna nchi zenye benki za mifupa ambako mfupa wa marehemu aliyeridhia husafishwa na kutumika, na si jambo la aibu. Lakini kwa mtu kama mumeo, chaguo la kwanza ni mfupa wake mwenyewe, unaochotwa kwenye ukingo wa nyonga, pale mkanda wa suruali unapokaa. Tunapasua kidogo, tunafungua dirisha kwenye ganda la mfupa, tunachota kwa kijiko cha chuma. Kinachotoka hakifanani na mfupa wa kwenye supu. Ni punje nyekundu zenye unyevu, kama mtama uliosagwa nusunusu ukalowekwa, na tunaziweka kwenye bakuli dogo chini ya shashi iliyoloweshwa zisikauke, kwa sababu zina seli hai. Ndiyo maana mfupa wa mtu mwenyewe haujapata mshindani: unaleta seli za kujenga, unaleta ishara za kuziamsha seli za pale, na unakuwa kama jukwaa la mafundi kupandia. Ule wa benki, au zile punje za kutengenezwa, kwa kawaida unatoa jukwaa na haukuletei mafundi. Nyonga itamuuma wiki kadhaa, na wagonjwa wengine hulalamikia nyonga kuliko mguu. Aambiwe mapema.

Kazi hii si ya majaribio. Karibu mwaka 1880, kule Glasgow, daktari William Macewen alimjengea mtoto mfupa wa juu wa mkono uliokuwa umeliwa na usaha. Mfupa aliutoa kwa wagonjwa wengine waliokuwa hai, vile vipande alivyokata wakati wa kuwanyooshea miguu yenye matege. Mkono ule ulikuja kufanya kazi.

Ila ukitia punje hizo kwenye shimo la sentimita 4 hivihivi, mwili huzila kabla hazijashika. Mfaransa Alain-Charles Masquelet alipata dawa ya hilo katika miaka ya 1980. Hatua ya kwanza, pengo husafishwa na kujazwa saruji ya mifupa, mara nyingi ikiwa imechanganywa na antibiotiki. Kwa wiki 6 hadi 8 mwili huizungushia saruji ile utando wenye damu nyingi. Kisha mguu unafunguliwa tena, saruji inatolewa kama mbegu kutoka ganda la kunde, na punje za nyonga zinamiminwa ndani ya utando huo, ambao unazilinda na kuzilisha. Hapa lazima nimtendee haki shemeji: hiyo saruji kwa kemia yake ni ya jamii ya akriliki, ileile inayotengenezewa fizi za meno ya bandia. Kwa hivyo kwa wiki chache huenda akawa na kitu cha ukoo wa plastiki mguuni kweli. Lakini hakiharibu damu, na kwa njia hii hakibaki.

Njia ya pili haihitaji saruji, na mara nyingi haihitaji punje nyingi. Inaitwa kwa jina la Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan huko Siberia, aliyeanza kuifanya miaka ya 1950. Mguu unavikwa pete za chuma zilizounganishwa kwa fimbo zenye nyuzi za skrubu na kushikwa kwenye mfupa kwa waya nyembamba. Mfupa wenye afya ulio juu ya pengo unakatwa kwa uangalifu, unaachwa siku 5 hadi 7, kisha kipande kilichokatwa kinavutwa polepole kushuka kuziba pengo. Nyuma yake, pale kilipotoka, mfupa mpya unaota. Mwendo ni milimita 1 kwa siku, robo milimita mara nne. Mgonjwa anafanya mwenyewe nyumbani, asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala: robo mzunguko wa nati kwa spana namba kumi. Mtu wa boda boda hana haja ya kufundishwa kushika spana namba kumi, na nimeona wenzake wakiwa hodari kwenye hili kuliko maafisa wenye digrii. Bahati ya majina ni kwamba hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu, hiyo ya Jaramogi, wenyeji wameizoea kwa jina la "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Mkisikia mtu anaenda Russia kutiwa vyuma vya Mrusi, anasema kweli mara mbili.

Piga hesabu lakini. Sentimita 4 ni milimita 40, yaani siku 40 za kuvuta. Halafu mfupa ule mpya, ambao kwanza ni laini kama mua mchanga, unahitaji kukomaa, na pete hazitoki mpaka ukomae. Kwa ujumla hesabu mwezi mmoja na zaidi kwa kila sentimita. Atalala na pete, ataoga na pete, suruali itapasuliwa pembeni na kutiwa vifungo. Matundu ya waya yatavimba mara kwa mara.

Ningekuwa nimekaa nanyi na eksrei mkononi ningesema kwa uhakika zaidi, lakini kwa uliyoyaeleza naona hivi. Ikiwa ngozi ya mbele ya muundi ni nzima na vipimo vinaonyesha usaha umekwisha, naegemea Masquelet, kwa sababu sentimita 4 nyonga yake inaweza kuzijaza na atakwepa miezi ya pete. Ikiwa mguu umekuwa mfupi, au bado kuna shaka ya wadudu, njia ya Ilizarov huvumilia makosa zaidi. Pia kuna jibu ambalo hakuna anayetaka kulisikia: kukata chini ya goti na kuvaa mguu wa bandia. Mguu ukiwa hauna hisia unyayoni, au mishipa ya damu imekufa, kukata kunaweza kumrudisha mtu kazini mapema kuliko upasuaji mara tano. Kwa mumeo sioni dalili ya kufika huko, lakini daktari akilitaja, msione amewakatia tamaa. Muulizeni tu kwa nini.

Jeraha kufunga juu hakumaanishi chini kuko safi. Usaha wa mfupa hujificha miezi, hata miaka, na ukipanda mfupa mpya juu yake utaoza wote. Kwa hivyo msishangae Kisumu wakianza upya na vipimo vya damu au kuchukua vinyama vya ndani kupeleka maabara. Si kuzungushwa. Na kwa kuwa ugonjwa wa selimundu (sickle cell) uko kwa wingi kwetu kanda ya ziwa, kama hajawahi kupimwa apimwe: mwenye selimundu hushikwa na maambukizi ya mifupa kwa urahisi zaidi, na wa dawa ya usingizi lazima ajue kabla.

Je, anavuta sigara au kunusa ugoro? Aache leo. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na mfupa uliopandikizwa unaishi kwa mishipa hiyohiyo. Hili halina mjadala. Lenye mjadala ni vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki. Kuna ushahidi unaovutana kwamba vinachelewesha mfupa kuunga. Kimoja usiku wa maumivu sikikatazi, kununua dukani kila wiki nakikataza.

Kuhusu mzee wa kuunga mifupa, sitamtukana, maana mama mkwe huenda amewaona waliopona kwake. Mfupa uliovunjika bila kidonda, ncha zikiwa pamoja, mara nyingi huunga hata ukifungwa kwa vijiti, kwa kuwa mwili ndio unaounga. Mumeo hana mfupa wa kuunga. Ana sentimita 4 ambazo hazipo. Hakuna mkono unaokanda kitu ambacho hakipo. Tena kukandwa juu ya mfupa uliowahi kuwa na usaha kunaweza kuuamsha, na kufungwa kwa nguvu kumewafanya watu wapoteze miguu ambayo ingepona. Mwambie mama mkwe, kwa heshima, kwamba mzee huyo kama ni fundi wa kweli naye atakataa kazi hii.

Kuhusu SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, mwombe daktari wa Kisumu asiandike "osteoplasti" peke yake kwenye fomu. Aandike kirefu: kupandikiza mfupa, au kusogeza mfupa kwa vyuma vya pete, muundi wa kushoto, kwa pengo lililotokana na ajali. Karani anayesoma fomu si daktari, na neno lisilofahamika huwa linarudishwa na swali. Hakikisheni mumeo amesajiliwa na michango imelipwa, na ulizeni kabla ya kulazwa ni kiasi gani kimeidhinishwa na kipi mtalipa wenyewe, hasa vyuma. Beba eksrei zote, ya siku ya ajali mpaka ya jana. Ya mwisho peke yake inanionyesha pengo tu. Zikiwa zote naona limefikaje hapo.

Usisubiri tarehe ya rufaa ukiona usaha umerudi, homa, unyayo umekuwa baridi au umebadilika rangi, au vidole vimekufa ganzi ghafla. Mpeleke siku hiyohiyo. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au akishikwa na kukosa pumzi, ni dharura hata kama ni saa nane ya usiku, kwa sababu huenda damu imeganda kwenye mshipa. Na kama ataishia kwenye pete, ganzi ikianza wakati wa kuzungusha nati, asizungushe tena mpaka aonwe.

Pikipiki sasa. Mfupa ukiunga, muundi utambeba yeye, abiria na gunia la mchele wa Ahero. Ninachokiogopa ni kifundo. Mguu wa kushoto ndio wa gia, na mguu uliokaa miezi bila kazi huning'inia vidole chini, kano ya kisigino inafupika, mpaka mtu hawezi kuinua ncha ya kiatu ipite chini ya gia. Nimeona mfupa uliounga vizuri sana kwenye eksrei na mwenyewe hawezi kupanda kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Kwa hivyo msingoje Kisumu. Chukua leso yako, ikunje iwe mkanda, ipitishe chini ya unyayo wake karibu na vidole, yeye akae goti limenyooka na avute ncha mbili kuelekea kifuani taratibu, ashikilie mpaka ahesabu thelathini, aachie, arudie mara kumi. Asubuhi, mchana na jioni. Vyuma vya nje, kama bado anavyo na havijavuka kifundo, havizuii hilo. Pale muundi ukiuma badala ya shavu la mguu, apunguze nguvu, na siku ya kliniki awaambie watu wa fiziotherapia amefikia wapi.